Glisini, D-alanini, Aib au amidi tupu? Kuchagua mwisho wa heliksi kwenye peptidi fupi

Mtazame msusi anayesuka twisti. Katikati hahangaiki, nywele zinashikana zenyewe. Kazi iko nchani: asipochovya kwenye maji ya moto au kuzungushia uzi, kesho asubuhi zimeshaanza kufumuka.

Alfa heliksi, yaani mnyororo wa asidi amino uliojisokota kama springi, ni twisti ya aina hiyo, ila kwenye peptidi fupi (minyororo midogo kuliko protini) tunazoagiza kwa kazi za maabara, karibu yote ni ncha. Tangu Pauling, Corey na Branson walipoichora mwaka 1951, hesabu yake ni ileile: viungo 3.6 kwa kila mzunguko, nanomita 0.54 kwenda juu kwa kila mzunguko, na oksijeni ya kiungo cha 1 inashika kwa bondi ya hidrojeni NH (naitrojeni na hidrojeni yake) ya kiungo cha 5, ya 2 inashika ya 6, na kuendelea. (Kiungo hapa ni asidi amino moja ndani ya mnyororo.) Fuatisha hesabu hiyo hadi mwisho utaona kwamba viungo vinne vya mwanzo vina NH zisizo na wa kuzishika, na vinne vya mwisho vina oksijeni zinazoning'inia bure. Ndani ya protini kubwa majirani husaidia kuzifunika. Peptidi ya viungo 12 iko peke yake majini, na theluthi ya NH zake hazina mwenza.

Kwa hiyo swali la "nimalizie na nini?" ni la msingi kuliko linavyoonekana kwenye fomu ya oda. Wengi tunalijibu kwa mazoea: weka glisini mwishoni, basi. Nimefanya hivyo miaka kadhaa. Siku hizi naona jibu hilo ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula hela.

Kwanza fundo lenyewe

Mwaka 1988 Jane na David Richardson walikusanya heliksi 215 kutoka protini 45 na kuhesabu nini kinakaa wapi. Mwanzoni, asparajini ilipendelewa kwa uwiano wa 3.5 kwa 1. Mwishoni, glisini ndiyo iliyofunga asilimia 34 ya heliksi zote. Theluthi nzima, kwa asidi amino moja kati ya 20! Toka hapo glisini ikapata jina la kizuizi cha heliksi, na sisi wengine tukaichukua kama ilivyo.

Lakini glisini haizuii kwa sababu ni dhaifu au inalegea tu. Inafunga fundo. Charlotte Schellman alilieleza mwaka 1980, na linaitwa kwa jina lake hadi leo. Chukua viungo sita vya mwishoni uvipe namba. Kwenye heliksi ya kawaida 1 inashika 5, na 2 inashika 6. Kwenye fundo la Schellman mambo yanapishana: 1 inashika 6, na 2 inashika 5. Bondi moja imekaa ndani ya nyingine, kama bakuli ndani ya bakuli. Ili hilo liwezekane, kiungo cha 5 lazima kigeuke upande wa pili, kikunje mkono wa kushoto wakati wenzake wote wamekunja wa kulia. Glisini haina mnyororo wa pembeni, kwa hiyo inageuka bila kugombana na mtu. Asidi amino nyingine za kawaida, zile za aina ya L, hulipia mgeuko huo, kwa makadirio yanayotajwa sana, karibu kilokalori 1 kwa moli. Asparajini ndiyo inayolipa kidogo kuliko wenzake.

Sasa angalia kiungo cha 6. Fundo linamhitaji. Anatoa NH ya bondi ya nje, na akiwa mtu wa mafuta (asiyependa maji), kama lusini au valini, anaegemea kiungo cha 1 na kulikaza fundo. Ukiweka glisini kuwa kiungo cha mwisho kabisa chenye asidi huru (COOH), umeweka 5 bila 6. Kamba haifungiki fundo ikiwa haina mkia.

Nadhani hapa ndipo palipo na jibu la kitendawili kilichowasumbua watu wakati peptidi zilipoanza kupimwa zenyewe. Doig na Baldwin, mwaka 1995, walijaribu asidi amino zote 20 kwenye ncha za peptidi fupi za alanini. Ncha ya N (mwanzo wa mnyororo) ilikuwa na tofauti kubwa: asparajini bora, glutamini mbovu kuliko zote. Ncha ya C (mwisho wake) karibu hakuna tofauti. Ukisoma namba hizo peke yake utasema ncha ya C haina maana, weka chochote. Mimi nazisoma vingine: ncha ya C hufumuka sana, na kubadilisha kiungo kimoja bila kumpa mkia wake hakutoshi kuizuia.

Glisini

Faida zake ni tatu: ni rahisi kupata, haigombani na yeyote, na fundo lake limethibitishwa kwenye mamia ya protini. Kasoro yake ni uhuru uleule unaoipa sifa. Glisini inaweza kukunja kushoto, na inaweza pia kukunja pande nyingine nyingi. Kuituliza mahali pamoja kunagharimu.

Mfano ninaoupenda ni Trp-cage, kile kiprotini cha viungo 20 kilichotangazwa mwaka 2002, kilichochongwa kutoka mkia wa exendin-4, homoni ya kwenye mate ya mjusi wa jangwa la Marekani anayeitwa Gila. Kiandike uone (kila herufi ni asidi amino moja):

N L Y I Q W L K D G G P S S G R P P P S

Heliksi inaanza mwanzoni kabisa, asparajini (N) ikiwa kifuniko, na inafika hadi D (asidi aspatiki) ya 9. G (glisini) ya 10 ndiyo inayogeuka. G ya 11 ndiyo mkia, na NH yake inashika oksijeni ya W (triptofani) ya 6. Hesabu: kutoka 6 hadi 11 ni fundo lile lile la 1 kushika 6. Halafu P (prolini) ya 12 inasimama nyuma yao kama komeo, mnyororo usirudi tena kwenye heliksi. Viungo vitatu, G-G-P, kila mmoja na kazi yake, na hakuna hata mmoja aliyewekwa kwa mazoea. Exendin-4 yenyewe ina N-G-G-P mahali hapo hapo.

Ila kuna D kabla ya G, na hapo nina kisa changu. Niliwahi kuagiza peptidi ya viungo 14 yenye D-G karibu na mwisho wa heliksi. Ilipofika, karatasi ya ubora ilionyesha uzito sahihi. Nilipoipitisha kwenye HPLC (mashine inayotenganisha vilivyochanganyika) nikaona vilele viwili vimesimama pamoja kama mapacha, na cha tatu kidogo pembeni. Vile viwili vilikuwa na uzito uleule. Kile kidogo kilipungua 18. Anayejua usanisi wa Fmoc (kuunganisha peptidi kiungo kimoja kimoja, Fmoc ikiwa kinga ya kila kinachoongezwa) ameshatabasamu: kila mara piperidini inapoondoa kinga, asidi aspatiki iliyotangulia glisini inajikunja na kufanya aspatimidi, ikipoteza maji (ndiyo hiyo 18). Maji yakirudi, mnyororo unaweza kufunguka upande sahihi au upande usio sahihi, uzito usibadilike hata chembe. Nilikuwa nimelipia mchanganyiko. Muuzaji alisema uzito uko sawa, na kweli ulikuwa sawa.

Kwa hiyo ukichagua glisini, angalia nani anaitangulia. D-G iepuke, au omba glisini iliyokingwa kwenye naitrojeni ya uti wake. N-G ni salama zaidi kwenye mashine, lakini peptidi ikikaa kwenye maji yenye pH ya mwili asparajini hupoteza amonia polepole. Kwangu, K-G (lisini kabla) au A-G (alanini kabla) ndiyo jozi ya amani.

D-alanini

Hii ni glisini iliyoamua. Asidi amino za aina ya D (picha ya kioo ya zile za L) zinapenda kukunja kushoto kama zile za L zinavyopenda kulia, kwa hiyo kwenye kiungo cha 5 cha fundo ziko nyumbani. Hulipii tena gharama ya kuituliza. Mwaka 2004 kundi la mtafiti Daniel Raleigh, Marekani, lilibadilisha glisini moja ya mwisho wa heliksi kwa D-alanini kwenye protini ndogo NTL9 na uthabiti ukapanda karibu kilokalori 1.9 kwa moli. Kwenye protini nyingine, UBA, ulipanda 0.6. Kwenye Trp-cage pia, kuitoa G ya 10 na kuweka D-alanini au D-glutamini kumeongeza uthabiti.

Mbona basi hatuitumii wote? Sababu ya kwanza: inadai ujue kwa hakika heliksi inaishia wapi. Glisini ukiikosea kwa nafasi moja inakusamehe kidogo. D-alanini ikikaa katikati ya heliksi inaivunja, na bei ni karibu kilokalori 1, yaani umegeuza faida kuwa hasara. Sababu ya pili: bakteria hawatakutengenezea, ni mashine ya usanisi pekee. Ya tatu ni ya kizembe lakini ipo: D na L zina uzito mmoja, hivyo mtu akikosea chupa, kipimo cha uzito hakitamsema.

Upande mwingine, vimeng'enya vinavyokata protini havipendi asidi amino za aina ya D. Ukiwa unatengeneza kitu kitakachokutana na damu, hiyo ni zawadi ya bure.

Aib

Aib ni alanini yenye methili mbili. Kuvu Trichoderma viride huitumia kwa wingi ndani ya alamethicin, peptidi yenye nafasi 20 inayotoboa utando wa seli. Methili mbili zinaibana isikunje popote isipokuwa kwenye heliksi, na kwa hiyo ndiyo mfalme wa katikati. Weka mbili tatu ndani ya peptidi ya viungo kumi, itasimama.

Mwishoni ni hadithi nyingine. Aib haina mkono, methili zake ni pacha. Inakubali heliksi ya kulia na ya kushoto sawasawa. Padmanabhan Balaram na wenzake kule Bangalore, pamoja na Isabella Karle wa Washington, walitumia miaka mingi kukuza fuwele za peptidi zenye Aib, na mara nyingi Aib iliyokaa karibu na ncha ya C ilionekana imegeuka kushoto na kufunga fundo la Schellman. Mara nyingi, si kila mara. Inategemea jirani, na inategemea hata namna molekuli zilivyopangana kwenye fuwele.

Jingine: kwenye peptidi fupi Aib nyingi huvuta mnyororo kuelekea heliksi nyembamba ya 3-10, ambapo kiungo cha 1 kinashika cha 4 badala ya cha 5. Ukidhani umepata alfa, pengine umepata mchanganyiko. Na kwenye mashine Aib mbili zikifuatana huunganika kwa shida, zimebanana mno.

Msimamo wangu: Aib ya katikati, ndiyo. Aib kama mwisho, labda kama lengo lako ni fuwele na una subira ya kujaribu matoleo manne.

Prolini

Watu huiita mvunja heliksi na kuitumia kama panga. Ni kweli haina NH ya kutoa na inamsukuma jirani aliye kabla yake atoke kwenye mkunjo wa heliksi. Lakini ndiyo sababu haifai kuwa kiungo cha 6: fundo linahitaji NH pale, naye hana. Mahali pake ni baada ya fundo, kama ilivyo kwenye Trp-cage. Au mwanzoni kabisa, kiungo cha kwanza baada ya kifuniko, ambako NH haihitajiki na ambako akina Richardson waliikuta kwa uwiano wa 2.6 kwa 1. Ukiifanya kuwa kiungo cha mwisho au cha pili kutoka mwisho, taja resini (punje zinazoshikilia mnyororo unapojengwa) ya kloro-tritili kwenye oda, la sivyo viungo viwili vya kwanza kuunganishwa (ujenzi huanzia ncha ya C) vinaweza kujifunga duara na kudondoka kutoka kwenye resini kabla kazi haijaanza.

Amidi tupu

Hili ndilo chaguo ambalo wengi hawalihesabu kama chaguo, na kwa peptidi nyingi ndilo sahihi.

Heliksi ina umeme wake: upande wa N umeelemea chanya, upande wa C hasi. Asidi huru mwishoni inaongeza hasi juu ya hasi. Ibadilishe kuwa amidi (CONH2 badala ya COOH), chaji inaondoka. Zaidi ya hapo, amidi inaleta NH ya ziada mahali ambapo kiungo kinachofuata kingekuwa. Yaani peptidi inayoishia na glisini yenye amidi ina kijimkia cha kufungia fundo, ingawa hakina mafuta ya kulikaza. Glisini yenye asidi huru haina hata hicho.

Nyuki analijua hili: melittin, sumu ya mwiba wake, ina viungo 26 na inaishia kwa amidi. Chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, alichagua tofauti. Magainin 2 ya ngozi yake, iliyotangazwa na Michael Zasloff mwaka 1987, ina viungo 23 na inaishia na serini yenye asidi huru. Wanakemia walipoirekebisha kutengeneza pexiganan ya viungo 22, walijaza lisini na wakafunga mwisho kwa amidi.

Mwanzoni mwa mnyororo mwenzake ni asetili. Inaondoa chaji chanya, na oksijeni yake inaweza kushika mojawapo ya zile NH zisizo na mwenza. Serini, asparajini au asidi aspatiki hufanya kazi hiyo kwa mnyororo wao wa pembeni. Ukiweza, weka vyote viwili.

Nani achukue nini

Ukitaka heliksi fupi tu, ikashike protini fulani, na hakuna kinachofuata baada yake, basi asetili mwanzoni, amidi mwishoni, usiweke glisini. Kila kiungo ulichoacha kwa ajili ya fundo ni kiungo ulichokinyima heliksi, na kwenye viungo 12 hiyo ni anasa.

Mnyororo ukiendelea baada ya heliksi, ukageuka kwenda kwenye kitu kingine, hapo fundo ni la lazima. Anza na glisini pamoja na kiungo cha mafuta nyuma yake. Ukishaona kwa NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha kila kiungo peke yake) kwamba heliksi inaishia pale ulipodhani, agiza toleo la D-alanini. Nasema NMR kwa makusudi. Kipimo cha CD, kinachotumia mwanga kukadiria kiasi cha heliksi, kile tunachokikimbilia wote kwa mabonde yake ya nanomita 208 na 222, kinatoa wastani wa peptidi nzima. Kwa viungo 16 kanuni ya kawaida inakupa bonde lenye kina cha −33,750 kwenye 222 kwa heliksi kamili. Ukipata nusu yake, CD haikuambii kama peptidi zote zimefumuka nusu ya urefu au nusu ya peptidi zimefumuka zote. Na peptidi mbili zenye miisho tofauti kabisa zinaweza kukupa mstari uleule.

Ukitaka dawa, D-alanini. Ukitaka kuzalisha kwa bakteria, glisini au asparajini, huna njia nyingine, na amidi sahau isipokuwa uiongeze baadaye.

Mimi kesho nikiambiwa niandike oda moja ya heliksi yenye mwisho uliofungwa, ningeandika hivi (sijaijaribu hii, ni ramani tu):

Ac-S P E E A A R L L A K A G V K Y-NH2

Ac ni asetili na NH2 ni amidi. S (serini) ni kifuniko, P inafuata mahali pake halali, E mbili (asidi glutamiki, zenye chaji hasi) ziko upande unaopenda hasi na K (lisini, chanya) upande wa pili. G ya 13 inageuka. V (valini) ya 14 ni mkia, inaegemea L (lusini) ya 9. Y (tairosini) ya mwisho ni ya kupimia kiasi cha peptidi kwenye mwanga wa nanomita 280, nimeiweka nje ya heliksi isichafue CD. Hakuna asidi aspatiki kabla ya G. Ningeagiza mirija miwili, wa pili G ya 13 ikiwa D-alanini, na kwenye kisanduku cha maelezo ningeandika kwa herufi kubwa kwamba nataka picha ya HPLC pamoja na uzito.